SOMO LA LEO: Taa ya oili ikiwaka, zima injini kwanza, mzigo baadaye

Leo tuzungumze gari ya mzigo, hasa hizi Haisi zetu za zamani. Gari ikilala, na duka linalala.

Mimi si fundi. Nina duka hapa Nungwi na mzigo naufuata Mjini, kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Siku moja ya kaskazi, jua kali, nilikuwa narudi na nyanya, vitunguu na maboksi ya kuku wa barafu. Pale Mahonda nikapunguza mwendo kwenye tuta, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Nikikanyaga mafuta inazimika. Nikasema haina neno, ntafika. Kinyasini ikapepesa tena. Kabla ya Mkwajuni ikawaka moja kwa moja, injini ikaanza kugonga kama nyundo. Imenoki.

Kuku wakayayuka njiani. Gari ikakaa gereji wiki tatu, na mteja wangu mkubwa akahamia kwa mwengine. Fundi alipofungua akaniambia: "Kijana, oili ilikuwa chini ya alama na nyepesi kama maji. Ungezima pale Mahonda, pengine ungenunua oili tu."

KWA NINI JOTO LINASHUSHA PRESHA?

Pampu inavuta oili kutoka chini ya injini, inaisukuma ipite kwenye filta mpaka kwenye beringi. Pale oili inafanya utando mwembamba ili chuma kisikutane na chuma. Sasa fikiria samli: asubuhi nzito, ukiiweka jikoni inakuwa nyepesi. Oili nayo ni hivyo hivyo. Ikipata joto kupita kiasi inakuwa nyepesi, inakimbia kwenye nafasi za beringi na presha inashuka.

Gari ya zamani ina shida ya pili: beringi zimelika, nafasi zimepanuka. Ni kama mpira wa maji. Ukibana mdomo kwa kidole maji yanaruka mbali, ukiachia yanadondoka tu. Ndiyo maana taa inaanza kupepesa gari ikiwa ya moto na injini inazunguka taratibu, kwa sababu pampu nayo inazunguka taratibu.

La kukumbuka: taa ile haipimi kidogo kidogo. Inawaka presha ikiwa imeshakaribia kuisha. Usiichukulie kama taa ya mafuta ya dizeli, kwamba bado una kilomita kadhaa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Washa swichi kabla ya kupiga stata. Taa ya oili lazima iwake, halafu izime sekunde chache baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, balbu imekufa au waya umekatwa. Ukienda kununua gari ya mkononi, anza na hili.

2. Pima oili kila asubuhi, gari ikiwa sehemu ya tambarare na injini imepoa. Iwe kati ya alama mbili. Usijaze kupita alama ya juu, krenki itaipiga ifanye povu, na povu halishiki presha. Ukiiona nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka dizeli au petroli, imechanganyika. Kote huko usisafiri, ita fundi.

3. Tumia namba ya oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa joto letu, injini nyingi za zamani zinakwenda na 15W-40 au 20W-50. Lakini usiweke nzito zaidi ili kuificha taa. Hapo umefunika ugonjwa tu.

4. Linda rejeta. Maji ya kisima yenye chumvi yanaila ndani, vumbi linaziba nje. Weka kulanti, osha mapezi ya rejeta, kagua mkanda wa feni. Na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, utaungua.

5. Fundi akufungie geji ya presha, apime injini ikiwa ya moto. Kwa injini za dizeli za Toyota kama 2L na 3L, kipimo ni kuanzia kilo 0.3 injini ikizunguka taratibu, na kati ya kilo 2.5 na 6 kwenye mizunguko 3,000. Ikisoma chini ya hapo, tatizo ni la kweli. Ikisoma vizuri na taa bado inawaka, huenda ni sensa tu.

6. Ukiwa njiani: mshale wa joto ukipanda, zima AC, toka barabarani na uiache ipoe. Taa ya oili ikiwaka, weka pembeni na uzime injini pale pale. Pima oili. Ikiwa imepungua, ongeza, washa uangalie. Taa isipozima, zima tena uvutwe. Kukodi gari nyengine ichukue mzigo ni nafuu kuliko krenki.

HESABU YANGU SASA

Namwaga oili na kubadilisha filta kila kilomita 5,000 au kabla. Kwangu mimi ni kama safari 40. Kila safari natoa 3,000 naweka kwenye mkebe peke yake, siku ya kumwaga inafika nina 120,000 mkononi. Sikopi, wala sigusi mtaji wa duka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta nshaujenga, wewe ziba ufa. Kesho asubuhi kabla ya kutoka, vuta ile stiki ya oili uitazame. Halafu mtumie somo hili mwenzio mwenye gari ya mzigo.