Kubadilisha diski za seva ya duka: usiikimbilie ya pili

Wengi mnaniuliza picha na video za mzigo nazitunza wapi, maana simu inajaa kila wiki. Natumia kiseva cha kuhifadhia mafaili, Synology DS218+, nilikinunua mtumba Kariakoo. Kinakaa pembeni ya rauta, kina diski mbili, na kila faili linaandikwa kwenye zote. Moja ikifa, nyingine inayo.

Mwaka jana diski zangu za TB 2 zilijaa, nikanunua mbili za TB 4. Hapo ndipo nilipochemka.

Nilizima, nikatoa diski moja ya zamani, nikaweka mpya, nikawasha. Kikaanza kulia piii, piii. Msiogope huo mlio, kinalalamika tu kwamba kimebaki na nakala moja. Nikaingia sehemu ya hifadhi, nikabonyeza kirekebishe, kikaanza kunakili. Nikaona taa ya kijani nikajua tayari, kumbe ndiyo kwanza asilimia 40! Nikachomoa ya pili. Hifadhi ikafa. Kwa kupaniki nikairudisha, nikakubali kuunda hifadhi mpya bila kusoma onyo, ikafuta kila kitu. Na ile ya kwanza niliyotoa nilishaifuta kwenye laptopu, ujuaji mwingi.

Picha nilikuwa na nakala kwenye diski ya nje. Folda ya oda sikuikumbuka. Siku mbili nzima nawapigia wateja, "Dada samahani, uliagiza saizi ngapi vile?" Wawili wakataka hela yao irudi.

Kwa hiyo: nakili folda ZOTE nje kwanza, na ufungue chache uone zinasoma. Badilisha diski moja, subiri iandike kwamba hifadhi ni nzima, siyo taa. Diski ya TB 4 inaweza kula usiku mzima, na umeme wetu mnaujua, weka UPS. Ndipo ubadilishe ya pili. Nafasi haitaongezeka mpaka zote mbili ziwe kubwa, usidhani umeuziwa feki. Za zamani usizifute hata kama kuna mtu anazitaka leo.

RAM sasa. Hiki kinakuja na GB 2, kina nafasi moja ya kuongeza, nikaweka GB 4 zikawa 6. Ni ile ndogo ya laptopu, DDR3L. Ukiambiwa DDR4 ni ileile, kataa, haiingii. Chomoa waya wa umeme kabisa kabla ya kugusa. Lakini kama kazi yako ni kutunza picha tu, hela hiyo nunulia mzigo. Kunakili hakukuongezeka kasi, waya wa mtandao wa gigabiti 1 unapitisha kama MB 110 kwa sekunde basi. Nilichopata ni picha kufunguka haraka tukiwa watatu tunatafuta kwa pamoja.

Diski moja ya zamani nimeitia kwenye kava la USB. Kila Jumapili nanakili, halafu inaenda kulala kwa mama Mbagala.