SOMO LA WANACHAMA: HESHIMA YA KIONGOZI KWA ALIYEMCHAGUA



Msimu wa kupokea mazao ni msimu wa kupimana. Chama hupima mahindi ya mwanachama, na mwanachama naye hupima kauli ya chama. Somo hili lahusu kipimo hicho cha pili. Inafaa lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha lijadiliwe kwa kufuata maswali yaliyo mwisho wake.

1. Mwenye chama ni nani?

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inauweka Mkutano Mkuu wa wanachama juu ya vyombo vyote vya chama. Bodi huchaguliwa na Mkutano huo, na Katibu na makarani hulipwa kwa fedha ya wanachama. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa chache au nyingi. Kwa hiyo mkulima wa Kate afikaye ofisini na viatu vya tope haji kuomba, bali amekuja kwake. Kiongozi anayemfokea ni sawa na mlinzi anayemfungia mlango mwenye nyumba.

Wazo hili si geni katika uwanda wetu. Katika Ufipa ya kale mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji, nao waliweza kumwondoa. Wafipa wanajulikana pia kwa salamu zao za kuchutama na kupiga makofi taratibu. Maana yake ni kwamba mtu hampiti mwenziwe kama apitavyo jiwe la njiani. Haifai desturi hiyo ikomee mlangoni mwa ofisi ya chama.

2. Historia inatufundisha nini?

Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, kwa sababu malalamiko ya wakulima yalikuwa yamezidi. Kamati ilikuta ukosefu wa uaminifu na uhaba wa watumishi wenye ujuzi. Ilikuta pia kwamba wanachama wengi hawakuelezwa habari za vyama vyao, hata wakaviona kuwa mali ya watu wengine.

Mwezi Februari 1971 ulitolewa Mwongozo wa TANU. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na ikamtaka awe mtu anayeheshimu watu. Tangu hapo adabu ya kiongozi haikuwa tena jambo la hiari yake. Ilikuwa sharti la uongozi.

Mwezi Mei 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu, na ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za umma. Ushirika ulirudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982. Uamuzi wa kuvifuta ulikuwa wa Serikali na ulikuwa na sababu nyingi. Hata hivyo tukumbuke kwamba chama ambacho wanachama hawakioni kuwa chao hakina wa kukitetea siku ya taabu.

3. Dharau huonekana wapi?

Watu wengi hudhani kwamba mkaguzi hukagua fedha tu, na kwamba kauli mbaya haiandikwi popote. Sivyo. Dharau huacha nyayo zake katika madaftari matatu.

Daftari la kwanza ni la mapokezi ya mazao. Tazama uzito ulioandikwa. Ikiwa magunia ya kila mtu yanaishia kwenye kilo kamili, bila nusu wala robo, huenda karani anakata pasipo kumweleza mwenye mali. Kilo moja kwa gunia huonekana ndogo. Lakini mwanachama mwenye magunia 20 amepoteza kilo 20, yaani debe zima la mahindi, chakula cha watoto wake kwa siku kadhaa. Akiuliza naye akaambiwa, "Kama hutaki, chukua mahindi yako," ameibiwa kisha ametukanwa.

Daftari la pili ni la muhtasari wa mikutano. Yako maandishi ya namna hii: "Mwanachama mmoja aliuliza kuhusu malipo, akajibiwa." Ni nani aliyeuliza? Alijibiwa nini? Mwandishi ameona jina la muulizaji halina thamani ya wino. Muhtasari wa heshima hutaja jina la mtu, swali lake, jibu alilopewa, na tarehe ya kutimiza kilichoahidiwa.

Daftari la tatu ni la mahudhurio. Mahudhurio yakipungua mwaka hata mwaka mpaka akidi ikosekane, viongozi husema kwamba wanachama ni wavivu. Watu hao hao hulima matuta kwa mkono katika baridi ya Ufipa, si wavivu. Tazama kwanza kama majina ya waliouliza maswali magumu mwaka jana yamo mwaka huu. Mtu aliyechekwa mbele ya jirani zake harudi. Mwaka ufuatao humuuzia mlanguzi kwa lumbesa, akijua kwamba anapunjwa, kwa kuwa mlanguzi walau alimsalimu.

4. Kukataa kwa heshima

Wako viongozi wanaoogopa kwamba upole utawafanya waonekane dhaifu. Heshima si utumwa, wala si kukubali kila jambo. Chukua mfano wa mahindi mabichi. Kipimo cha ubora kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na yakizidi yataoza ghalani yaharibu na ya wengine. Lazima yakataliwe.

Karani mmoja atasema, "Rudisha takataka zako." Mwingine atasema, "Mama, karibu utazame kipimo. Kinasoma 16. Ukiyaanika tena juani, tutayapokea." Wote wawili wamekataa mahindi yale yale. Yule wa kwanza amepoteza mwanachama, na wa pili amemfundisha mwanachama, tena mahindi yatarudi yakiwa makavu.

Basi kila chama kifanye haya: mizani ielekee upande wa mwenye mali, naye asome kabla ya karani kuandika, asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi amtakaye, bei na makato yote yabandikwe ukutani, stakabadhi itolewe pale pale, malipo yakichelewa, Katibu atangaze sababu kabla hajaulizwa, na katika mkutano wanawake wapewe nafasi ya kusema mapema, si wakati watu wanapokung'uta vumbi waondoke.

Wanachama nao wana wajibu. Matusi kwa karani hayarekebishi mizani. Mwenye lalamiko aje na stakabadhi yake, aseme mkutanoni, asingoje kilabuni. Na kiongozi asiyejirekebisha, dawa yake ni kura.

5. Maswali ya mazungumzo

(a) Katika chama chetu, mwanachama husoma mizani mwenyewe?
(b) Swali gani liliulizwa katika mkutano uliopita, na jibu lake limetimizwa?
(c) Ni wanachama gani wameacha kuhudhuria? Nani katika Bodi atakwenda nyumbani kwao kuwauliza sababu, na kwa siku gani?
(d) Mwanachama aliyetolewa maneno mabaya na mtumishi wa chama apeleke wapi lalamiko lake?

Katibu aandike majibu katika muhtasari pamoja na majina ya waliosema. Mkaguzi atakapofika ataomba ukurasa huo kwanza, kabla ya kitabu cha fedha.