Kiingereza Darasa la Tatu na la Nne: Mwongozo kwa Mwalimu

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiingereza katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, ambako hisabati, sayansi na mengineyo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto huyu akifika kidato cha kwanza atayakuta masomo hayo yamegeuka Kiingereza. Wengi hawana pengine pa kukisikia zaidi ya kipindi chako.

Mada mpya isianzie ubaoni. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili ameshazoea kwamba herufi hutamkwa jinsi ilivyoandikwa. Ukimwandikia "knife" kabla hajalisikia, atasoma "kinife", na kumtoa hapo ni kazi ya wiki nzima. Alisikie neno kwanza, alitamke, alitumie, kisha ndipo alione limeandikwa.

Kwa vitu vya darasani, inua kalamu useme "This is a pen", kisha mkabidhi mtoto: "Give the pen to Asha." Akiipeleka, ameelewa, tafsiri ya nini? Baada ya hapo wanaokaa dawati moja waulizane, kila mmoja akionyesha kitu chake. Kelele zitakuwepo, na ni vyema mwalimu mkuu aambiwe mapema.

Katika darasa la watoto 90, kuitikia kwa pamoja hudanganya. Mstari wa mbele hupaza sauti, wa nyuma huchezesha midomo tu. Mkishaitikia wote, taja safu moja, kisha dawati moja, kisha mtoto mmoja, na uanzie nyuma.

Makosa mengine yana chanzo chake katika Kiswahili, na mwalimu anayekijua chanzo hachoki upesi. Mtoto husema "My mother, he is cooking" kwa sababu "anapika" humtosha mama na baba. Mazoezi ya kujaza nafasi hayasaidii sana hapa. Zungumzeni habari za watu wanaowaona kila siku: mlinzi, mpishi wa uji, dada mkuu.

Saa ndiyo ngumu kuliko yote. Mtoto anayesema "two o'clock" kwa saa mbili asubuhi hajakosea sarufi. Amehesabu kuanzia mapambazuko, kama nyumbani kwao. Tengeneza saa ya kadibodi. Weka mshale mfupi kwenye 8, uwaonyeshe kwamba Kiingereza husoma namba iliyoguswa na mshale, na Kiswahili husoma namba ya upande wa pili, yaani 2. Wakishauzungusha wenyewe mara kadhaa, hakuna haja ya kujumlisha wala kutoa sita. Mada hii ipewe zaidi ya kipindi kimoja hata kama azimio la kazi halisemi hivyo.

Kiswahili kisipigwe marufuku darasani. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni walivyopokezana kifungo: aliyekutwa akisema lugha ya kwao alikabidhiwa, naye akamvizia mwingine. Shule zenye mtindo wa namna hiyo hupata watoto wanaoogopa kufungua mdomo, na asiyefungua mdomo hawezi hata kusahihishwa. Tumia Kiswahili kueleza kazi ngumu, kisha urudi kwenye Kiingereza.

Mtoto akikosea akizungumza, usimkatize. Akisema "I go yesterday", mjibu "Oh, you went yesterday? Where?" Kwenye daftari sahihisha jambo moja lililofundishwa wiki hiyo, wino mwekundu ukurasa mzima hausomwi na yeyote.

Upimaji wa kuzungumza usisubiri mtihani. Wenzake wakiwa wanaandika, mwite mtoto mezani, mpe picha, muulize maswali matatu, na uweke alama kwenye daftari lako la kumbukumbu. Kwa watoto watano kila kipindi, darasa la watoto 90 litamalizika katika vipindi 18.