Kupasha Moto Injini Kabla ya Safari

Katika mji wa Fairbanks, Alaska, baridi ya majira ya kipupwe huweza kufikia nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na hata kupita. Huko ni jambo la kawaida kuona gari la petroli lililoegeshwa likiwa limeunganishwa kwa waya na soketi ya umeme. Umeme huo hauliendeshi gari; huipasha moto injini.

Sababu ni mbili. Kwanza, mafuta ya injini huongezeka mnato yapatapo baridi. Wanafunzi wameona mafuta ya nazi yakiganda halijoto ishukapo chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta ya injini hayagandi upesi namna hiyo, lakini huwa mazito, yakachelewa kuvifikia vyuma vinavyosuguana. Pili, baridi hupunguza kasi ya utendano wa kikemia ndani ya betri. Hivyo betri hudhoofika wakati ule ule stata inapohitaji nguvu zaidi.

Mwaka 1949 Andrew Freeman, wa Dakota ya Kaskazini nchini Marekani, alipewa hataza ya hita ya umeme ya injini. Hita nyingi za leo hupasha maji ya kupozea injini, ambayo huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda.

Je, hita iwashwe kwa muda gani? Tuchukue injini yenye kilo 100 za chuma, ipandishwe kutoka nyuzi -30 hadi 10, yaani nyuzi 40. Kilo moja ya chuma huhitaji jouli 450 hivi kwa kila uzi mmoja. Basi:

100 × 450 × 40 = jouli 1,800,000.

Hita ya wati 500 hutoa jouli 500 kila sekunde. Kwa hiyo itachukua sekunde 3,600, yaani saa moja. Tukiongeza joto linalochukuliwa na maji na lile linalopotelea hewani, saa 2 hadi 4 zatosha. Kuiacha usiku kucha ni kupoteza umeme, kwa sababu hatimaye joto linaloingia hulingana na linalotoka.

Wapo wanaochagua kuwasha injini yenyewe ndani ya gereji iliyofungwa ili gari lipate joto. Hilo ni jambo la kuua. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hulegea kabla hajatambua hatari. Hatari hiyo haihitaji baridi. Ipo katika kila chumba kilichofungwa penye injini au jiko la mkaa, hata kwetu.

Maswali
1. Hita ya wati 750 itachukua dakika ngapi kukipasha chuma hicho?
2. Kwa nini gari la umeme lipashwe moto likiwa bado limeunganishwa na soketi?