Wiki Nane Pwani: Mwongozo wa Mafunzo ya Utafiti wa Bahari kwa Wanafunzi wa Nyanda za Kati

Mafunzo kwa vitendo ya vyuo vikuu vya Tanzania hufanyika kwa kawaida wakati wa likizo ndefu, kuanzia Julai, na mara nyingi huchukua wiki nane. Kwa mwanafunzi wa uhasibu, wiki nane ni siku arobaini za kazi. Kwa anayekwenda kutafiti bahari, ni vipindi vinne tu vya bamvua. Wakati huo maji hupwa sana, kwa siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na ni katika siku hizo tu ambapo sehemu kubwa ya ufuo, yenye majani ya bahari, kombe na mashamba ya mwani, huweza kupimwa kwa miguu. Mwanafunzi anayefika pwani bamvua limekwisha na kutumia juma zima kutafuta chumba amepoteza karibu robo ya mafunzo kabla hajaloa miguu.

Kwa hiyo jedwali la kujaa na kupwa kwa maji litafutwe kabla ya tiketi. Katika pwani ya Unguja, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kazi ya ufuoni huanza saa moja au mbili kabla ya hapo na kufuata maji yanavyorudi nyuma. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, zitengwe kwa maabara, usomaji na usafishaji wa takwimu. Jambo la pili ni upepo. Julai na Agosti ni kilele cha kusi, na safari nyingi za mashua nje ya mwamba huahirishwa. Utafiti unaotegemea kwenda nje ya mwamba kila wiki katika miezi hiyo umepangwa vibaya, hata kama umepitishwa na idara.

Mwanafunzi wa Zuzu, au wa kata nyingine yoyote ya Dodoma ambako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili na mito hukauka miezi mingine, hudhaniwa kuwa anaanza nyuma ya mwenzake wa Bagamoyo. Dhana hiyo ina ukweli upande wa kuogelea tu. Kupima, kuhesabu na kuandika hufundishika popote penye maji: mabwawa ya Hombolo na Mtera yana wavuvi, mialo na samaki wa kupima urefu na uzito. Wizara ya Mifugo na Uvuvi nayo ina makao yake Dodoma, hivyo anayependa uchambuzi wa takwimu za uvuvi anaweza kuomba nafasi bila kuhama mkoa. Ni njia inayodharauliwa bila sababu.

Kwa kazi ya bahari yenyewe, milango inafahamika. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978, iko Zanzibar. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, hufuatilia samaki wa bahari na wa maziwa. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Mbegani, Bagamoyo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 baada ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Barua ya maombi ipelekwe miezi kadhaa kabla, ikiambatana na barua ya utambulisho ya chuo, na itaje kazi ambayo mwombaji anaweza kuifanya, si hamu yake ya kujifunza pekee. Ikumbukwe pia kwamba Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti. Karatasi ya Bara haitoshi kuingilia vijiji vyake vya Chwaka au Jambiani.

Swali la utafiti lipimwe kwa muda uliopo. Tumbawe gumu lenye umbo la jiwe hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo ukuaji wake si swali la wiki nane. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Kamba ya mwani ikipimwa uzito siku ya kupandwa na siku ya kuvunwa, swali limejibiwa ndani ya mafunzo. Kuna sababu nyingine ya kuuangalia mwani. Ukulima wake wa biashara ulianza Unguja mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake, na aina ya kotoni, yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Flower Msuya, wamefanya kazi ya kuihamishia kwenye maji ya kina zaidi. Kipimo kidogo cha mwanafunzi kuhusu joto la maji na uzito wa kamba huingia moja kwa moja katika suala ambalo watu wanalitolea jasho.

Thamani ya mwanafunzi kwa taasisi iko kwenye daftari lake. Kila ingizo liwe na tarehe, saa, mahali, hali ya maji na jina la aliyepima. Liandikwe kwa penseli, kwa sababu wino hutoka likilowa. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba ya awali isomeke. Samaki aandikwe kwa jina la kisayansi pamoja na la wenyeji, kwa maana samaki yule yule huitwa tasi mahali fulani na tafi mahali pengine. Siku ambayo haikupimwa iachwe wazi na sababu itajwe. Kujaza pengo kwa makisio ni kughushi, na pengo lililotajwa halijawahi kumfelisha mtu anayesimamiwa vizuri.

Ufuo una wenyewe. Kabla ya fremu ya kwanza ya kupimia kuwekwa mchangani, mwanafunzi ajitambulishe kwa sheha upande wa Zanzibar, au kwa uongozi wa kijiji na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi upande wa Bara. Mvuvi anayehojiwa aelezwe lengo la maswali na awe na uhuru wa kukataa. Asihojiwe wakati anauza samaki: muda huo ndio mshahara wake. Matumbawe hayachukuliwi kama kumbukumbu ya safari. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu hudhibitiwa na mkataba wa CITES, na ndani ya hifadhi hata sampuli ya utafiti huhitaji kibali.

Fedha za mafunzo zitokazo Bodi ya Mikopo ni deni litakalolipwa, hivyo zipangiwe matumizi kama deni. Kama taasisi inatoa posho au usafiri, iandike. Kama haitoi, hilo nalo lijulikane kabla ya kuripoti. Mwanafunzi ana haki ya msimamizi anayejulikana kwa jina, jaketi la kuokolea maisha katika kila chombo, na kukataa safari anayoiona ya hatari. Asiyejua kuogelea aseme siku ya kwanza. Kuzamia kwa mitungi ni kwa mwenye cheti tu, hata maji yakiwa tulivu kiasi gani. Kudai ngono ili kutoa nafasi, alama au saini ni kosa la jinai, upande wa Bara chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Malalamiko hupelekwa TAKUKURU, na Zanzibar kuna mamlaka yake ya kuzuia rushwa. Chuo nacho kipewe taarifa kwa maandishi.

Juma la mwisho lisiachiwe ripoti peke yake. Takwimu zikabidhiwe kwa msimamizi zikiwa na maelezo ya kila safu, na makubaliano kuhusu nani atazitumia, na jina la nani litatajwa katika chapisho, yawe yameandikwa. Wakulima au wavuvi waliosaidia wapewe matokeo kwa Kiswahili, karatasi moja inatosha. Barua ya msimamizi ya kumthibitisha mwanafunzi iombwe akiwa bado yupo kituoni, ikitaja vipimo alivyofanya na vifaa anavyoweza kutumia. Msimamizi akishapokea kundi linalofuata, kumbukumbu yake ya kazi ya mtu mmoja huwa imefifia, na barua anayoandika wakati huo humfaa mwanafunzi yeyote, kwa hiyo haimfai yeyote.