GUNDI NYEUPE YA SEREMALA

Wasomaji wetu wa Bugene, na wa Karagwe na Kyerwa kwa jumla, wameiona kwa maseremala gundi nyeupe kama maziwa. Wengi waitumia, lakini wachache wajua tabia yake. Na kwa kutojua, milango hufumuka na madawati hulegea kabla ya wakati wake. Basi leo twapenda kueleza habari zake.

Zamani utomvu wa kazi kama hizi ulitafutwa mitini na ardhini. Huko Mrima watu walichimba sandarusi, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko hata Salem, Marekani, ikafanywa vanishi. Lakini utomvu wa gundi hii hutengenezwa kiwandani. Jina lake ni polivinili asetati, nao uligunduliwa Ujerumani mwaka 1912 na mtaalamu wa kemia, Fritz Klatte.

Ndani ya kopo utomvu huo ni matone madogo mno yaliyotawanyika katika maji. Gundi ikipakwa, maji mengine hunywewa na ubao, mengine huenda hewani. Ndipo matone hushikana yakawa kitu kimoja kigumu. Kwa hiyo, atakaye kazi ya kudumu na ashike mambo matatu: ubao uwe mkavu, usio na vumbi wala mafuta, maungio yabanwe kwa jiliwa au kamba mpaka yakauke, wala gundi isiongezwe maji ili itoshe kazi nyingi.

Tena ajue udhaifu wake. Gundi ya kawaida ya namna hii hulainika kwa maji na kwa joto. Yafaa kiti cha ndani. Haifai mlango upigwao na mvua. Alama D1 juu ya kopo maana yake ni kazi ya mahali pakavu. Penye unyevu itafutwe D3, na nje D4.

Utomvu huu umo pia katika rangi nyingi za maji, nao ndio ushikao rangi ukutani. Chokaa iliyomo katika saruji mpya huuharibu. Kwa hiyo lipu ya shule na ingojwe ikauke, yapata majuma manne, ndipo ipakwe.

Mwalimu au mzee wa kijiji aagizapo madawati na amwulize seremala: gundi gani, na imebanwa muda gani? Fedha hizo ni jasho la wakulima wa kahawa na ndizi. Haraka haraka haina baraka.