Shindano la Maswali

Katika mji wa Bukavu, wanafunzi wa shule mbalimbali hushindana kwa maswali. Shindano hilo huitwa kwa Kifaransa Génies en herbe. Lilianza Kanada, katika televisheni, mwaka 1972.

Kundi moja lina wanafunzi wanne. Mwalimu mwenye busara hachagui mabingwa wanne wa hesabu. Huchagua mmoja wa hesabu, mmoja wa jiografia, mmoja wa historia na mmoja wa lugha. Maswali hufungwa katika bahasha, asiyaone mtu. Mwalimu mmoja huuliza, wa pili hutazama saa, wa tatu huandika alama.

Siku moja mwulizaji alisema: «Mto Ruzizi watoka wapi, nao waingia wapi?»

Mvulana mmoja akajibu mbio: «Watoka Tanganyika, waingia Kivu.»

Alikosa. Mwenzake wa jiografia alijua kwamba watoka Ziwa Kivu, pale pale Bukavu, na kuingia Ziwa Tanganyika. Lakini hakuulizwa. Kundi la pili likanong'onezana, likajibu vema, likapata alama.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali
1. Kwa nini maswali hufungwa katika bahasha?
2. Mvulana yule alikosa nini?